Bangi ya Daktari na Posa ya Jakobsberg

Mimi sikuchaguliwa kuwa msemaji wa posa ya mjukuu wangu kwa sababu ya hekima. Nilichaguliwa kwa sababu naongea sana. Mwanangu, baba wa huyo kijana, Kiswahili chake kilikwama alipokuwa mdogo, hakikukua naye. Akitaka kusema "tumekuja kuomba" anaanza na Kiswidi, anapitia Kiingereza, na akifika kwenye Kiswahili wageni wameshanawa mikono. Basi ikawa ni mimi. Shule niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne nilikuwa nalichungulia tu, lakini mdomo sikuupata shuleni.

Msichana ni Mrundi, mzaliwa wa hapa Uswidi, watu wake wanakaa Jakobsberg, upande wa pili wa jiji. Mjukuu wangu alikuja nyumbani kwetu Norsborg, akala chapati za bibi yake tatu bila kuongea, halafu akamwambia bibi yake kwa Kiswidi, mimi nikiwa nimeketi pale pale, "Farfar får inte prata för mycket." Yaani babu asiongee kupita kiasi.

"Mume wangu," bibi yake akamjibu, kwa maana ndivyo anavyomwita huyo mjukuu tangu azaliwe, "babu yako asipoongea ataumwa."

"Mwambie huyo mshindani wangu," nikasema, "mke nitampatia. Yeye ashughulike na suti."

Kijana akanitazama. Safari hii akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anayevuka barabara yenye barafu: "Babu, wakikataa, mimi nimekwisha." Nikaona hatanii. Nikaahidi. Na ahadi ile ndiyo nusura niivunje kwa neno moja, mbele ya watu wa pande mbili.

Sasa kabla sijafika Jakobsberg lazima niwaambie habari ya miguu, kwa sababu bila hii miguu hamtauelewa huo mdomo.

Nina ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ulinianza nikiwa bado naosha mabasi ya jiji kule karakana. Jina lake ni refu, madaktari wenyewe limewachosha wakalikata, wakabakiza herufi mbili. Unachofanya ni kukaza misuli. Mimi ni mtu wa Taveta, nimekulia karibu na mashamba ya katani, na nikitaka kueleza nasema hivi: chukua kamba ya katani, iloweshe, ifunge kwenye mguu, halafu kaa juani. Inavyokauka ndivyo inavyobana. Ndivyo ulivyokuwa mguu wangu wa kulia, na wa kushoto ukiuonea wivu.

Lakini kukaza si tatizo kubwa. Kukaza unakuzoea. Tatizo ni kutojua utakaza saa ngapi. Siku moja niko stesheni kuu, niko kwenye zile ngazi za umeme ndefu zinazopanda kutoka kwenye treni za chini. Ngazi ikafika juu, mimi mguu ukakataa kushuka. Mwenzangu, ngazi ile haingoji mtu. Nyuma yangu watu wakajaa, na Waswidi hawapigi kelele, wanajipanga tu mgongoni kwako kama mikate kwenye pakiti, kila mmoja anatazama pembeni ili usione aibu. Mwishowe mama mmoja akasema "ursäkta", samahani, akanishika kwapa akaniinua kama anavyoinua mtoto. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani nikaweka koti msumarini na sikulichukua tena kwa muda mrefu.

Kutoka hapo nikawa mtu wa hofu. Hofu ya ngazi, hofu ya foleni dukani, hofu ya mlango wa basi. Nikawa naigombeza birika. Redio ikisema habari nazima, ikinyamaza nauliza kwa nini imenyamaza. Hapa wana neno lao, stress, na wanalitumia kama chumvi. Basi limechelewa kidogo, stress. Kijana ana mtihani, stress. Jirani yetu wa chini alipewa likizo na daktari kwa ajili hiyo, nikawa namwona kila asubuhi anaelekea msituni na fimbo mbili mkononi, anachoma ardhi kama anayetafuta bomba la maji. Mimi nilikuwa nasimama dirishani namcheka. Mpaka mke wangu, ambaye alikuja nchi hii kusoma, mimi nikamfuata kama mzigo wa pili, na ambaye amefanya kazi ya kuhudumia wazee mpaka yeye mwenyewe amekuwa mzee, akasimama nyuma yangu na kusema:

"Wewe huumwi miguu tu. Unaumwa kuogopa miguu."

Nikanyamaza, jambo ambalo lilimshtua zaidi kuliko ugonjwa. Akapiga simu kwa daktari.

Daktari wa mishipa ni msichana mdogo kuliko kitinda mimba wangu, anaongea kwa sauti ya kuomba radhi. Vidonge vya kulegeza misuli nilikuwa nimeshajaribu vya kila rangi, vimenilegeza usingizi tu. Akasema ipo dawa nyingine ya kupuliza mdomoni, wanawapa watu wa ugonjwa wangu ambao vidonge vimewashinda. Akaeleza inatokana na mmea gani. Mke wangu alikuwa anatafsiri, lakini pale hakutafsiri, akaniangalia. Hakukuwa na haja. Neno hilo nalijua kwa Kiswidi, kwa Kiingereza, na kwa harufu.

Nikageuka kutazama kama mlango umefungwa.

Mnisamehe, lakini ujana wangu niliumaliza nikipakia ndizi soko la Taveta. Malori yalikuwa yanatoka pande zote, na chini ya mikungu, mara nyingine, kulikuwa na mizigo isiyokuwa ndizi. Polisi walikuwa wanakuja na nondo, wanachoma zile ndizi, wanaitoa nondo, wanainusa ncha. Nilimwona jamaa mmoja, mpakizi mwenzangu, alikuwa na msokoto mmoja tu nyuma ya sikio, amesahau kabisa kama uko pale. Walimpeleka na sikio lake. Sasa mtu aliyekulia kwenye nondo zile unamketisha kwenye kiti cheupe, daktari wa serikali anamwambia, mzee, nikuandikie bangi?

"Mwambie mimi nimeokoka," nikamwambia mke wangu.

"Hajauliza."

"Mwambie hivyo hivyo."

Akamwambia. Daktari akafikiri kidogo, akasema hiyo haina shida na dawa.

Akaendelea kueleza kwa makini, na mimi nayaweka hapa kwa sababu watu huwa wanasikia nusu. Si ya kuvuta. Si ya kumpa mtu mwingine, hata ndugu, hata akilia. Nisiendeshe gari, na hapo nikacheka, mimi hata mkokoteni ulikuwa unanishinda kwenye kona. Nisichanganye na pombe. Nitaijaribu kwa muda, nirudi niseme, na isiponisaidia wataiondoa. Na akasisitiza kwamba haandiki kwa ajili ya stress. Anaandika kwa ajili ya misuli.

"Muulize," nikasema, "kama hii hofu nayo itatulia."

Mke wangu akauliza. Daktari akaniangalia mimi badala ya kumwangalia yeye, akasema polepole ili nielewe mwenyewe: misuli ikitulia, huenda na wewe utatulia, lakini hilo siwezi kukuahidi, mimi naandika misuli. Nikampenda kwa jibu lile. Watu wengi wangeniahidi.

Kichupa chenyewe ni kidogo, unakiona ukadhani ni cha manukato. Nikasoma, yaani nikasomewa, kwamba ndani yake mna spiriti na pepaminti. Pombe sijaigusa tangu niache soko. Nikajikuta mzee wa kanisa nina bangi na spiriti ndani ya shavu moja. Na kibonyezo kile ni kigumu kwa vidole vyangu, kwa hiyo anayebonyeza ni mke wangu. Napanua mdomo, anapuliza chini ya ulimi au shavuni, nafumba. Uchungu wake sijui niulinganishe na nini. Ni kama dawa ya meno iliyokasirika.

Siku ya kwanza alikaa mbele yangu na Biblia mapajani na saa mkononi.

"Unaona nini?" akauliza.

"Nakuona wewe."

"Nikoje?"

"Vile vile."

"Basi haijaanza kufanya kazi," akasema, akafungua Zaburi.

Nilisubiri nicheke bila sababu. Nilisubiri kuta zinong'one, kwa maana ndivyo tulivyoambiwa tukiwa vijana. Hakuna. Tukaongeza taratibu kama daktari alivyosema. Halafu jioni moja, sijui ilikuwa ya ngapi, nilikuwa nakunja nguo. Nikakunja mashuka, nikakunja taulo, nikakunja na soksi, nikatafuta kingine cha kukunja, ndipo nikagundua kwamba muda wote ule sikuufikiria mguu. Nilikaa kitandani na soksi mkononi. Mke wangu akapita mlangoni.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Ndiyo habari yenyewe. Hakuna kitu."

Wiki zilizofuata nikaanza kwenda chumba cha kufulia chini, halafu dukani, halafu siku moja nikamwambia mke wangu tuvae makoti twende stesheni kuu. Akajua. Hakuuliza. Nilipanda zile ngazi za umeme, nikafika juu, nikashuka kwa mguu wangu mwenyewe. Nikarudi chini, nikapanda tena. Nikashuka, nikapanda. Yeye alikaa kwenye benchi na mkoba wake kama mama anayemsubiri mtoto kwenye pembea. Mara ya mwisho niliwapungia mkono watu waliokuwa wanashuka ngazi ya pili, na Mswidi mmoja, sijui kwa nini, akanipungia.

Sisemi uongo. Siku nyingine mguu unakaza vile vile. Siku nyingine mdomo unakauka, kichwa kinakuwa chepesi kidogo nikisimama haraka. Lakini hofu ilikuwa imehama chumba cha mbele ikaenda kukaa stoo, na mimi hilo lilinitosha.

Kilichobaki ni kanisani. Ibada yetu ya Kiswahili iko Upplands Väsby, wapo Wakenya, wapo Watanzania, wapo Wakongo na Kifaransa chao, na hakuna siri inayokaa pale zaidi ya chai. Kwa hiyo siri ile ilikuwa ya watu watatu: mimi, mke wangu na daktari. Mwanangu hakujua, mjukuu hakujua. Kiongozi wa akina mama wa kwaya alimwona siku moja mke wangu akinipuliza, akauliza ni nini. Nikasema ni dawa ya mdomo. Akasema ndiyo maana unanukia pepaminti, ungempa na mume wangu. Nikaacha hapo.

Haya, sasa Jakobsberg.

Mke wangu alinifundisha kabla. Msichana alimweleza mjukuu, mjukuu akamweleza bibi yake, bibi yake akanieleza mimi: Warundi watakukataa kwanza. Ni heshima kwa binti yao. Msemaji wao atakutungia makosa, atasema hatuna binti, hatuwajui, tumesikia mabaya yenu. Wewe unajibu kwa kutunga, anatunga, unatunga, watu wanacheka, na mwisho wanakubali. Kwetu huwa tunaingia kwenye mazungumzo moja kwa moja, tunaongea habari za mbuzi, kwa hiyo mchezo huo ulikuwa mgeni kwangu. Lakini niliupenda.

"Atakayekasirika ameshindwa," mke wangu akasema. "Na usilete ukweli. Ukweli hauchezwi."

Niliagizwa hivyo. Shahidi yupo.

Tulikwenda Jumamosi, theluji ya Machi ikiwa imebaki vilima vyeusi pembeni ya barabara. Kiongozi wa akina mama wa kwaya alikuwemo, na mchungaji, na wenzetu wengine wa ibada, vitenge chini ya makoti makubwa. Asubuhi nilikuwa nimepulizwa, lakini wasiwasi wa siku ile ulikuwa mwingi kuliko kichupa. Mjukuu wangu kwenye gari alikuwa ameshika tai yake kwa mikono miwili kama mshipi wa usalama.

Ukumbi ulikuwa chini ya majengo ya ghorofa, ukumbi wa kukodi, viti vyao upande huu, vya kwetu upande ule, na katikati chungu kikubwa chenye mirija mirefu. Kwao, wasemaji wawili wakielewana hunywa pamoja kutoka chungu kimoja. Kwa vile sisi ni watu wa kanisa walikuwa wamejaza juisi ya tufaha. Nilitazama mirija ile nikajisemea, nikifika hapo kazi imekwisha.

Msemaji wao alikuwa babu mdogo wa binti, mdogo wa marehemu babu yake. Mwembamba, ana kofia ya pama na fimbo nyeusi. Kazi yake siku nyingine ni kuendesha gari la kubeba wazee na wagonjwa kwenda hospitali, lakini siku ile ungesema amezaliwa na fimbo ile. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

"Bon," akasema, kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa. "Karibuni. Lakini nyinyi ni nani? Mumepitiwa na usingizi kwenye treni? Mulikuwa munashuka Sundbyberg?"

Watu wake wakacheka, kwa maana Sundbyberg ni stesheni ya njiani kabla ya kufika kwao. Nikainuka na mkongojo wangu.

"Mzee, hatukusinzia. Mimi nilikuwa mpakizi wa ndizi. Nimesikia harufu ya ndizi nzuri kutoka Norsborg, nikaifuata mpaka hapa."

"Ndizi zetu hazijaiva."

"Tumekuja na blanketi, tutazifunika."

Pande zote mbili wakacheka. Nilimwona mjukuu wangu ameachia tai.

"Alors," mzee akasema, "tumeuliza habari zenu. Tumeambiwa huyu kijana hajui kupika. Hapa kwetu binti hapiki peke yake, huyu atakula nini mukewe akienda kazini?"

"Mzee, hayo ni maneno ya majirani wenye wivu. Huyu akikaanga yai, zimamoto wanakuja kuomba kuonja."

"Wanakuja kuonja au kuzima?"

"Wanaanza na kuzima."

Kiongozi wa akina mama wa kwaya alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Nikaona ninaimudu. Mguu nao ulikuwa mwema. Ndipo mzee akaiinua fimbo, akashusha sauti kama mtu anayekuja na jambo zito, akasema:

"Hayo ni madogo, muzee. Kuna moja tumesikia, limetukosesha raha. Tumeambiwa ndani ya nyumba yenu kuna mutu wa bangi."

Upande wao walikuwa wameshaanza kucheka, kwa maana ni tusi la mchezo tu, lingeweza kuwa wizi wa kuku au uchawi. Upande wetu nao walitabasamu wakingoja jibu langu. Jibu lilikuwepo, na sasa nalijua. Ningesema, ndiyo, tunayo, ndiyo maana mbuzi wetu wanacheka peke yao. Lingetosha.

Lakini mimi nililichukua kuwa kweli. Nani amewaambia? Nikafikiri duka la dawa. Nikafikiri jirani mwenye fimbo mbili. Nikaona nondo inaingia kwenye ndizi, inatoka, inanuswa. Kamba ya katani ikaanza kukauka kuanzia unyayoni. Na mtu aliyebanwa hivyo hatungi. Nikasema:

"Ni kweli, mzee. Ni mimi."

Fimbo ya mzee ikabaki hewani.

Na mimi, badala ya kukaa, nikaendelea, kwa maana nikianza sijui kuacha. Nikasema ugonjwa, nikasema vidonge, nikasema ngazi za umeme na yule mama wa ursäkta. Nikasema hofu ilivyonifunga nyumbani. Nikasema si ya kuvuta, ni ya daktari, ya misuli, na daktari hakuahidi kuhusu moyo, lakini moyo umetulia. Nikasema kijana hana hatia, hata hakujua, msimnyime mke kwa sababu ya shavu la babu yake. Nikatoa kichupa mfukoni nikakiinua, kama ushahidi.

Mjukuu wangu alikuwa amefunika uso. "Farfar, vad gör du?" akasema. Babu, unafanya nini. Mwanangu alikuwa ananitazama kama mtu aliyeoneshwa chumba kingine ndani ya nyumba aliyokulia. Mchungaji alikuwa anaangalia viatu vyake. Kiongozi wa akina mama akasema kwa sauti ndogo, lakini ukumbi wote ulimsikia, "Kumbe pepaminti."

Ndipo mke wangu akasimama. Akaweka kitenge chake sawa begani.

"Na mimi niseme," akasema. "Anayempuliza ni mimi. Yeye vidole vyake havina nguvu. Kwa hiyo mkimkamata yeye, mnikamate na mimi."

Kikaanza kicheko kimoja nyuma, cha bibi mmoja wa Kirundi, kikakatika. Msemaji wao hakucheka. Alikuwa ameshusha fimbo.

"Muzee," akasema kwa sauti nyingine, sauti ya kawaida, ya dereva. "Mimi nilikuwa nacheza."

"Najua unacheza," nikamwambia. "Lakini umebisha hodi nyumba yenye mtu."

Akageuka, akawaita wazee wenzake na mama wa binti. Wakaenda kwenye korido ya jikoni, wakafunga mlango.

Huo muda sitaki kuusema sana. Nilikaa. Mguu ulikuwa gogo. Mjukuu wangu alikuja akachuchumaa mbele yangu, nikadhani anakuja kunilaumu, na haki ilikuwa yake. Akaanza kunikanda goti. Nikamwambia, "Mshindani wangu, nimekuharibia." Akaendelea kukanda. Nilitazama chungu na mirija yake, kikaonekana kiko mbali kama Bujumbura.

Mlango ukafunguliwa. Mzee akarudi katikati, na nikaona fimbo imeinuliwa tena.

"Bon," akasema. "Tumeshauriana. Mimi nimesema kwenye posa nyingi. Nimewaita watu wezi, wakakataa. Nimewaita walevi, wakakataa, na wengine walikuwa walevi kweli. Leo kwa mara ya kwanza nimetunga kosa, mugeni amelikubali na bibi yake amejiongezea." Hapo watu wakaanza kucheka. "Sasa mutu anayekubali hata la kutungwa, siku binti yetu akionewa kwake, atatuficha? Lakini kuna jambo. Anasema hiyo dawa inalegeza miguu. Sisi hatujui. Mimi kwenye gari langu nabeba wagonjwa kila siku, wote wananiambia dawa yao ni nzuri, halafu nawashusha kwa kiti cha magurudumu. Hatutoi binti kwa maneno. Muzee akicheza, tunatoa. Asipocheza, treni ya Sundbyberg iko pale."

Nikatazama mguu. Nikamtazama mke wangu. Akaja akanishika kiwiko, bila kuuliza, kama siku ile ya stesheni.

Vijana wao walikuwa na ngoma. Wakaanza taratibu, kwa huruma, na mimi nikawaambia, "Hapana, pigeni ya watu wazima." Wakapiga. Siwezi kusema nilicheza. Nilikanyaga. Mguu wa kushoto ulikuwa unasikia ngoma, wa kulia unauliza ni nini, na mke wangu katikati anawapatanisha. Lakini goti lililokandwa lilipinda. Likapinda tena. Akina mama wa Kirundi wakapiga vigelegele, wetu wakajibu, na kiongozi wa kwaya akaja kucheza mbele yangu na mkoba kichwani. Mchungaji alipiga makofi, kwanza kidogo.

Wakati huo huo wakamtoa binti. Alikuja amejifunga vitambaa vyao vya begani, amechukua kikapu, na badala ya kwenda kwa mjukuu wangu akaja kwangu, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu."

"Babu," mjukuu akasema kutoka nyuma, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chote nilichowahi kumsikia nacho, "huyo ni wangu."

Mimi na mzee wa fimbo tukaketi kwenye chungu, kila mtu na mrija wake. Juisi ilikuwa ya baridi na tamu. Tukanywa kama desturi inavyotaka, macho kwa macho. Alipomeza akaniinamia sikioni.

"Sasa niambie, muzee. Ladha yake ikoje?"

Nikamwambia habari ya dawa ya meno iliyokasirika. Akacheka mpaka mrija ukamtoka.

Siku hizi kanisani wananiuliza waziwazi, na wengine wananiita pembeni wakitaka tone moja kwa sababu ya kazi, ya watoto, ya kodi ya nyumba. Nawaambia tone siwatoi, nendeni kwa daktari wenu mkaseme ukweli, atawaambia lenu ni lipi. Kiongozi wa kwaya yeye hakuomba kitu. Ananisogezea tu kiti cha pembeni, chenye nafasi ya kunyoosha mguu.

Na mzee wa Jakobsberg ananipigia simu kila Jumamosi. Mke wangu anapokea, anasikiliza, ananipa simu huku akitikisa kichwa.

"Ni shemeji yako wa Sundbyberg," anasema. "Anauliza kama umepulizwa."